Mwana wa Mkulima wa Buni Aliyeegesha Merikebu ya Angani Mlangoni Pake

Muhula uliopita niliwapa wanafunzi wangu insha ya kubuni. Niliwataka waeleze ni ndege ipi ambayo kila mmoja wao angeinunua iwe mali yake binafsi, lau fedha zisingekuwa kikwazo. Nilidhani kazi ya kusahihisha ingekuwa nyepesi, na kwa kweli nilicheka sana nikiifanya. Wengi walichagua jeti za matajiri, zenye vitanda, bafu na viti vya ngozi. Mmoja alitaka Boeing 747 nzima ili aupakie ukoo wake wote, akafanya hesabu, akagundua kwamba viti vingebaki na ikambidi aongeze majirani. Mwingine alichagua Concorde. Nikamwandikia pembeni kwa wino mwekundu kwamba Concorde ziliacha kuruka mwaka wa 2003, kisha nikajuta, kwa kuwa swali lenyewe lilikuwa la ndoto na ndoto haina ratiba ya safari.

Msichana mmoja aliandika nusu ukurasa tu. Alisema kwamba yeye hangenunua ndege yoyote kati ya hizo, kwa sababu kutoka uwanja wa ndege hadi kwao kungebaki safari ya matatu mbili na mwendo mrefu wa miguu. Ndege isiyoweza kumfikisha mtu mlangoni pake, alisema, ni ya uwanja, si yake. Nilimpa alama nyingi kuliko wenzake wote. Bila kujua, binti huyu alikuwa amerudia wazo la mtu mmoja aliyefariki mwaka wa 1932, na nilipoulizwa na darasa ningechagua ndege gani mimi mwenyewe, sikuwa na budi kuwasimulia habari za mtu huyo. Leo nawasimulia wasomaji wa safu hii.

Alberto Santos-Dumont alizaliwa tarehe 20 Julai 1873 mahali paitwapo Cabangu, katika jimbo la Minas Gerais nchini Brazil. Babake, Henrique Dumont, mhandisi mwenye asili ya Kifaransa, alikuwa huko akisimamia ujenzi wa reli. Baadaye mzee huyo aliacha reli, akaingia katika kilimo cha buni karibu na Ribeirão Preto, jimbo la São Paulo, na muda si muda akawa miongoni mwa wakulima wakubwa kabisa wa zao hilo, hata watu wakamwita mfalme wa kahawa. Shamba lake lilikuwa na mibuni isiyohesabika na reli yake lenyewe ya kubebea mazao.

Hapa naomba kusita kidogo. Mimi pia ni mwana wa mkulima wa buni. Marehemu babangu alikuwa na mashina mia mbili na ushei kwenye mteremko mkali, na ningali nazikumbuka alfajiri za kuchuma, vidole vikiwa vimekufa ganzi kwa umande, na foleni ndefu ya jioni kwenye mizani. Malipo yalipokuja, kama yalikuja, yalitosha karo ya mtoto mmoja na nusu. Siku niliyosoma kwa mara ya kwanza kwamba buni hiyo hiyo iliwahi kumtengenezea kijana mmoja vyombo karibu ishirini vya kurukia angani, nilikifunga kitabu nikatazama nje ya dirisha kwa muda mrefu.

Tena kuna jambo ambalo waandishi wengi wa wasifu wake hulipitia kwa kasi. Brazil ilikuwa nchi ya mwisho katika bara la Amerika kuufuta utumwa. Sheria ya kuufuta ilitiwa sahihi tarehe 13 Mei 1888 na Binti Mfalme Isabel, aliyekuwa akikaimu kiti cha babake. Wakati huo Alberto alikuwa anakaribia kutimiza umri wa miaka 15. Utajiri wa kahawa wa Brazil ya karne ile, kwa jumla, ulijengwa juu ya migongo ya watu waliotolewa barani Afrika kwa minyororo, wengi kutoka Angola na wengine kutoka pwani ya Msumbiji. Sisemi haya ili kumhukumu mtoto kwa mali aliyozaliwa ndani yake. Nayasema ili hesabu ikamilike. Msomaji na aliweke jina la Isabel akilini, kwa maana tutakutana nalo tena mjini Paris.

Alberto hakuvutiwa na mibuni bali na mashine. Akiwa bado mvulana mdogo aliruhusiwa kuendesha mitambo ya mvuke ya shambani, na alipofika umri wa miaka 12 alikuwa akiendesha garimoshi la babake. Alipenda pia kukaa katika nyumba za kukobolea buni, akitazama jinsi mikanda na magurudumu yalivyosukumana. Usiku alisoma riwaya za Jules Verne na kuamini kila alichokisoma. Yeye mwenyewe alikuja kusimulia juu ya mchezo waliokuwa wakicheza watoto wa kwao: kiongozi hutaja kiumbe, na kama kiumbe hicho huruka, wote huinua kidole. Alipotajwa njiwa waliinua, alipotajwa mbweha walitulia. Alipotajwa mwanadamu, Alberto peke yake aliinua kidole, wenzake wakamcheka na kumdai adhabu ya mshinde, naye akakataa katakata kuilipa.

Babake alipata ajali iliyompooza upande mmoja wa mwili, akaliuza shamba na kwenda Ulaya kutafuta tiba. Mwaka wa 1892, kabla ya kufa, alifanya jambo ambalo sijaona wazee wengi wakilifanya. Alimpa mwanawe, aliyekuwa bado na umri wa miaka 18, urithi wake mkononi, akamshauri aende Paris akasome fizikia, kemia, umeme na mitambo, wala asihangaike na kutafuta riziki, maana alikuwa ameachiwa ya kutosha. Hivyo ndivyo fedha zilivyokoma kuwa kikwazo katika maisha ya kijana huyu.

Paris ilimkuta akiwa mtu mfupi, mwembamba, mwenye uzani wa kilo 50 hivi, nadhifu kupita kiasi, mwenye kola ndefu na kofia pana. Mwaka wa 1898 aliagiza atengenezewe puto lake la kwanza, akalipa jina la nchi yake. Watengenezaji walishangaa, kwa sababu alitaka puto dogo kuliko yote waliyowahi kuyaona, la meta za ujazo 113 tu, la hariri nyembamba ya Kijapani. Walimwonya kwamba halingekuwa imara. Likapaa, likambeba, na lilipotua liliweza kukunjwa na kutiwa mfukoni mwa safari kama nguo.

Lakini puto ni mtumwa wa upepo, na aliye ndani yake ni abiria tu. Alberto alitaka usukani. Aliamua kutundika injini ndogo ya petroli, ya aina iliyokuwa ikisukuma baiskeli za magurudumu matatu, chini ya mfuko mrefu uliojaa haidrojeni. Kwa wataalamu wa siku hizo, kuweka cheche za moto chini ya gesi ile kulikuwa sawa na kuvutia sigara katika ghala la baruti. Wengine walidai pia kwamba mtikisiko wa injini ungekikatakata chombo. Yeye aliichukua baiskeli yake ya injini hadi kwenye msitu wa Boulogne alfajiri, akaining'iniza kwa kamba kwenye tawi la mti, akaiwasha, akaketi juu yake kusikiliza. Ilitikisika kidogo kuliko ilivyotikisika barabarani. Kwa mwalimu wa sayansi, hapana somo la majaribio lililo rahisi na zuri kuliko hilo.

Tarehe 20 Septemba 1898 merikebu yake ya kwanza ya angani ilipaa na kwenda alikoielekeza. Ilipokuwa ikishuka, pampu ya hewa ilishindwa, mfuko ukajikunja katikati kama kisu, na chombo kikaanza kuanguka. Kulikuwa na wavulana uwanjani wakirusha tiara. Alberto aliwapigia kelele waikamate kamba iliyokuwa ikining'inia na wakimbie nayo kuelekea upepo utokako, kama wafanyavyo na tiara zao. Wakaelewa mara moja. Wakaivuta, anguko likapungua, naye akatua mzima. Wanafunzi wangu walipenda sana kipande hiki, na sikushangaa.

Mwaka wa 1900 tajiri mmoja wa mafuta, Henri Deutsch de la Meurthe, alitangaza zawadi ya faranga 100,000 kwa yeyote atakayeondoka Saint-Cloud, auzunguke Mnara wa Eiffel na kurudi, mwendo wa kilomita 11, kwa muda usiozidi dakika 30. Tarehe 13 Julai 1901 Alberto alijaribu kwa merikebu yake ya tano. Aliuzunguka mnara, lakini akachelewa, injini ikamzimikia, akaishia juu ya mti katika bustani ya tajiri mwingine. Katika nyumba iliyokuwa jirani aliishi mwanamke wa Kibrazili aliyekuwa uhamishoni tangu ufalme wa kwao uangushwe mwaka wa 1889. Alipopata habari kwamba kijana wa nchi yake amekwama mtini akitengua chombo chake, alimpelekea chakula cha mchana huko huko juu. Mwanamke huyo alikuwa Isabel, yule yule aliyetia sahihi sheria ya kuufuta utumwa. Nimekitafakari kikapu hicho mara nyingi. Mrithi wa mali ya kahawa juu ya mti wa watu, na mkono ulioufunga mlango wa utumwa ukimpandishia chakula, wote wawili wakiwa mbali na kwao.

Tarehe 8 Agosti alijaribu tena, na mambo yakawa mabaya zaidi. Mfuko ulipasukia juu ya paa la hoteli, akabaki akining'inia ukutani hadi wazima moto walipomwokoa kwa kamba. Jioni hiyo hiyo aliagiza merikebu ya sita. Kwa hiyo, tarehe 19 Oktoba 1901, aliuzunguka mnara na kuvuka mstari wa mwisho baada ya dakika 29 na nusu, ila kuishika kamba chini kulichukua zaidi ya dakika moja. Waamuzi wakagawanyika, umati wa Paris ukanguruma kwa hasira kwa niaba yake, na hatimaye tarehe 4 Novemba akapewa ushindi. Sehemu kubwa ya fedha aliitoa kwa maskini wa Paris, na nyingine akawagawia mafundi wake.

Sasa nafika kwenye chombo ambacho ningekinunua. Mwaka wa 1903 alijitengenezea merikebu ndogo, ya tisa katika hesabu yake, yenye injini ya nguvu za farasi 3, dhaifu kuliko pikipiki yoyote iegeshwayo leo mbele ya soko letu. Haikuwa ya mashindano wala ya zawadi. Ilikuwa ya matembezi. Aliipaisha juu ya mapaa ya Paris, akashuka katika barabara ya Champs-Élysées, akaifunga mbele ya nyumba yake kama mtu amfungavyo punda, akapanda ngazi kwenda kunywa kahawa, kisha akashuka na kuondoka zake. Aliitumia kwendea mikahawani. Mwaka huo huo alimfundisha mwanamke kijana, Aida de Acosta, kuiendesha, na binti huyo akairusha peke yake angani ilhali Alberto akimfuata chini kwa baiskeli akimpungia mikono. Wazazi wa binti walifadhaika walipopata habari, wakataka jambo hilo lisitangazwe. Nyumbani mwake Alberto alikuwa na meza na viti virefu mno, ambavyo wageni walivipanda kwa ngazi, ili wazoee kula wakiwa juu. Yasemekana pia kwamba ni yeye aliyemlalamikia rafiki yake Louis Cartier jinsi ilivyo taabu kuitoa saa mfukoni mikono ikiwa imeshika usukani, na kutokana na malalamiko hayo ikazaliwa saa ya mkononi ambayo hadi leo huitwa Santos.

Tarehe 23 Oktoba 1906, katika uwanja wa Bagatelle, aliruka kwa chombo kizito kuliko hewa, eropleni yenye umbo la masanduku ya tiara, umbali wa meta 60 hivi. Tarehe 12 Novemba alifika meta 220. Wabrazili wengi humwita baba wa urubani kwa sababu hiyo, nao Wamarekani huwataja ndugu Wright, walioruka tarehe 17 Desemba 1903. Mimi naona ushahidi wa ndugu Wright ni imara na hapana haja ya kuwanyang'anya. Ila wao walificha kazi yao wakisubiri hataza na wanunuzi, ilhali huyu aliruka mchana kweupe, mbele ya umati na waamuzi, kwa magurudumu yake mwenyewe. Ushindani huo wa nani alitangulia umewala watu muda mwingi kuliko unavyostahili.

Lililo muhimu kwangu lilikuja baadaye. Kati ya 1907 na 1909 alibuni ndege ndogo aliyoiita Demoiselle, yaani binti. Ilikuwa ya mianzi, hariri na injini ya silinda mbili. Mabawa yake, ncha hadi ncha, hayakufika meta 6, na rubani aliketi chini yake katikati ya magurudumu, karibu ayaguse majani. Mwaka wa 1909 kilikuwa miongoni mwa vyombo vyenye kasi kubwa duniani. Alberto hakuichukulia hataza. Aliitoa michoro yake bure kwa yeyote aliyetaka kuiunda, na mwaka wa 1910 jarida moja la Marekani likaichapisha kwa umma. Viwanda viliiunda na kuiuza, mafundi waliiunda vibandani mwao, na Roland Garros, rubani mashuhuri wa Ufaransa, alianza kuruka kwayo. Mtu aliyeweza kununua ndege yoyote alitumia werevu wake kuunda ile ambayo wasio na fedha wangeweza kujitengenezea.

Mambo ya baadaye nitayapitia kwa ufupi. Mwanzoni mwa 1910 alipata ajali, kisha maradhi ya neva yakamshika, akaacha kuruka akiwa na umri wa miaka 36. Vita vilipozuka mwaka wa 1914 alikuwa akiishi pwani ya Ufaransa, akitazama nyota kwa darubini. Majirani wakamshuku kuwa jasusi wa Wajerumani, askari wakamsachi, naye kwa uchungu akazichoma karatasi zake. Ndege zikaanza kudondosha mabomu. Mwaka wa 1926 aliuomba Ushirika wa Mataifa upige marufuku matumizi ya ndege vitani, asisikilizwe. Tarehe 3 Desemba 1928, meli yake ilipokuwa ikiingia bandari ya Rio de Janeiro, ndege iliyopewa jina lake ilipaa kumlaki ikiwa imebeba marafiki na wasomi. Ilianguka baharini mbele ya macho yake, wote waliokuwemo wakafa. Sherehe zikafutwa, akaenda mazishini.

Mwezi wa Julai 1932 jimbo la São Paulo liliasi serikali ya Brazil, na ndege za serikali zikawashambulia Wabrazili wenzao. Tarehe 23 ya mwezi huo, siku tatu baada ya kutimiza umri wa miaka 59, Alberto alijitoa uhai katika hoteli mjini Guarujá.

Hapo nilinyamaza kidogo mbele ya darasa. Cheti cha kifo kilitaja moyo, na kwa miaka mingi watoto wa Brazil hawakuambiwa jingine. Ningeweza nami kusema moyo nikaendelea, na hakuna mwanafunzi ambaye angejua. Lakini kila mwalimu mwenye miaka kadhaa darasani ana dawati moja analolikumbuka, lililobaki tupu baada ya likizo bila mtu kusema sababu. Niliwaambia ukweli. Niliwaambia kwamba alikuwa mgonjwa kwa muda mrefu, kwamba huzuni yake ilikuwa ugonjwa kama malaria ilivyo ugonjwa, na kwamba waliokuwa karibu naye waliona aibu kuitaja. Darasa lilikuwa kimya kuliko nilivyowahi kulisikia. Baada ya kipindi wanafunzi wawili walinifuata ofisini, kila mmoja kwa wakati wake, na waliyoniambia si ya kuandikwa gazetini.

Moyo wake halisi, uliotolewa na daktari kwa siri, umehifadhiwa katika tufe la dhahabu kwenye jumba la makumbusho ya jeshi la anga mjini Rio, jambo ambalo sidhani angelipenda. Mji karibu na alikozaliwa umepewa jina lake, na kadhalika uwanja wa ndege wa Rio ulio ufuoni mwa ghuba ambamo marafiki zake walizama.

Kabla ya kengele, yule msichana wa nusu ukurasa aliuliza vipimo vya Demoiselle. Nikampa. Wakayasukuma madawati ukutani, wakapima kwa uzi. Upana wa darasa letu ni meta 6 na nusu, kwa hiyo mabawa yangeingia, na mkia ungefika karibu na mlango wa nyuma. Wakachora chaki sakafuni. Mvulana wa Concorde akasema mianzi imejaa kando ya mto chini ya shule. Wakaulizana juu ya hariri, wakakubaliana kwamba turubai jepesi lingefaa. Ilipofika zamu ya injini walinyamaza wote, mpaka mmoja akakumbuka kwamba mjombake ana pikipiki ambayo haijawashwa tangu Krismasi.